Bomba halionekani: mita za maji za Naivasha zifunguliwe

Mliokuja kutafuta msimbo mtanisamehe, leo hakuna. Leo naandika juu ya maji, maua na faili moja la CSV ambalo bado halipo. Mkivumilia mpaka chini mtaona kwamba hatukutoka nje ya mambo ya tarakilishi hata kidogo.

Kwanza niseme kinachonisukuma. Kila panapofanyika kikao cha biashara na mazingira, lazima asimame mtu mwenye wazo la programu ya simu. Programu ya kubadilishana taka, ya kuhesabu kaboni, ya kukutanisha makampuni "yanayojali". Mimi ningepaswa kushangilia, maana huo ndio unga wangu. Sishangilii. Biashara zinazomgombania mteja mmoja haziaminiani eti kwa sababu zimejisajili kwenye tovuti moja. Zinashirikiana pale ambapo kila moja inaona mwenzake anafanya nini, na inaona bila kumwomba ruhusa. Hoja yangu yote ni hiyo, na mahali pa kuipima ni Ziwa Naivasha, ambako wenye biashara wamejaribu kushirikiana kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wetu, na ambako kipande kimoja cha mtambo bado hakijafungwa.

Kwa wasiopajua: Naivasha ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,885 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe ni la ajabu kidogo. Halina mto unaotoka, na kwa kawaida ziwa la namna hiyo huwa la magadi, kama walivyo majirani zake Nakuru na Elementaita. Lakini Naivasha maji yake ni matamu, kwa sababu sehemu ya maji hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi zake. Mto mkubwa unaolilisha ni Malewa, unaoshuka kutoka milima ya Nyandarua na kuleta karibu asilimia 80 ya maji yote ya mito yanayoingia. Mwingine ni Gilgil.

Sasa hesabu wanaokunywa kwenye kikombe hicho kimoja. Kuna mashamba ya maua, ambayo yalianza kuota ufukoni mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuingia miaka ya 1970. Kuna mashamba ya mboga, hoteli, mitambo ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, mji wenyewe wa Naivasha, wavuvi, Wamaasai wanaoleta ng'ombe kunywa maji, viboko, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wanaoishi mitaa kama Karagita. Juu kabisa, kule yanakotoka maji, kuna wakulima wadogo wa viazi na kabeji. Aliyewahi kuandika programu ambayo nyuzi kadhaa zinaandika kwenye kumbukumbu moja bila kufuli ameshaanza kutoka jasho.

Nisiwadharau watu wa ziwa hili, kazi wamefanya. Wenye ardhi ufukoni waliunda chama chao karibu miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1995 ziwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 1999 chama hicho kikapewa tuzo ya Ramsar kwa uhifadhi. Fikiria hilo kidogo: wenye mashamba, hoteli na biashara, si shirika la wanamazingira wala idara ya serikali. Wakulima wa maua nao wakaunda kundi lao. Mpango wa kusimamia ziwa uliandikwa na washikadau wenyewe, na mwaka 2004 ukachapishwa katika gazeti rasmi la serikali.

Halafu ukakwama mahakamani. Baadhi ya wenyeji walisema hawakushirikishwa, kwamba waliokaa mezani ni wenye ardhi na wenye makampuni. Mimi nawaelewa. Ushirikiano wa wafanyabiashara ukifanyika ndani ya chumba, aliye nje ya chumba hawezi kujua kama wanaokoa ziwa au wanaligawana. Huenda nia yao ni njema kabisa, lakini nia haina kipimo ambacho mtu wa nje anaweza kukisoma.

Mwaka 2009 ukaja na ukame. Ziwa likashuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1940. Ufuko ukarudi nyuma, mabomba ya pampu yakawa yanayafuata maji kama mbuzi anayefuata majani. Februari 2010 samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Wengine wakasema ni dawa za mashamba, wengine wakasema ni mvua iliyoteremsha tope na uchafu, oksijeni ikapungua majini. Kila upande ulikuwa na kidole cha kunyoosha. Vipimo vya kila siku ambavyo wote wangeweza kuvisoma mezani havikuwepo, kwa hiyo ubishi ule ulikuwa ni wa nani anamwamini nani.

Hofu ile ilizaa mambo matatu ninayoyaheshimu sana.

La kwanza ni mpango wa kugawa maji wa mwaka 2010, uliofanya kazi kama taa za barabarani. Ziwa likiwa juu, taa ni ya kijani, chukua kiasi kilichoandikwa kwenye kibali chako. Likishuka, taa inakuwa ya manjano, punguza. Likishuka zaidi, nyekundu, punguza sana, maji ya matumizi ya nyumbani yatangulie. Mpango huu unanifurahisha kama mtu wa programu kwa sababu ni sharti la "kama... basi..." lililoandikwa kabla ya shida kufika. Hakuna kuitana kikao cha dharura huku kila mmoja akiwa na kiu. Kanuni ipo, kipimo cha ziwa kipo, matokeo yanajulikana. Tatizo ni kwamba kanuni inahitaji pembejeo mbili: kimo cha ziwa, na kiasi ambacho kila mmoja amechota. Ya kwanza mtu yeyote anaweza kwenda ufukoni akaiona. Ya pili imo ndani ya mita, nyuma ya ua, nyuma ya askari.

La pili ni malipo kwa wakulima wa juu. Hili lilisukumwa na mashirika ya WWF na CARE pamoja na vyama vya watumiaji maji. Mantiki yake ni rahisi. Mkulima wa Wanjohi akilima hadi ukingoni mwa mto, mvua inateremsha udongo wake hadi ziwani, na pampu za kule chini zinameza tope. Basi wanaotumia maji chini wachangie, na mkulima wa juu apate kitu akipanda nyasi za nepia kwenye miteremko, akipanda miti, akiacha ukingo wa mto upumue. Mwaka 2010 mamia ya wakulima walipata vocha zao za kwanza, zenye thamani ya takriban dola 17 za Marekani kwa kila mmoja, za kununulia pembejeo. Dola 17 si pesa ya kujengea nyumba. Lakini angalia zinakotoka na zinakoenda: biashara iliyo chini inamlipa jirani wa juu ambaye hajawahi kumwona, kwa kazi ambayo faida yake itateremka na mto. Na mkulima mwenyewe anabaki na nepia ya kulisha ng'ombe wake, ambayo nadhani kwa wengi ilikuwa na maana kubwa kuliko vocha.

La tatu ni chombo cha Imarisha Naivasha, kilichoundwa mwaka 2011 ili kukutanisha serikali, mashamba, wanunuzi wa Ulaya na wenyeji. Chini yake na kando yake vipo vyama 12 vya watumiaji maji katika bonde zima, matunda ya Sheria ya Maji ya 2002. Vikao vimekuwa vingi, ripoti zimekuwa nyingi. Sitaingia huko.

Ndani ya ua wa mashamba nako mambo yamebadilika. Umwagiliaji wa matone umeenea. Mashamba mengi yanavuna mvua kutoka kwenye paa za vivungulio (yale mahema makubwa ya plastiki mnayoyaona ukiwa kwenye barabara ya juu ya Bonde la Ufa, yaking'aa kama ziwa la pili). Wapo wanaopanda maua kwenye chombo badala ya udongo ili maji yaliyodondoka yarudi kwenye tangi yatumike tena. Wapo wanaochuja maji machafu kwa mabwawa ya matete. Shamba moja kubwa lilikodi kisima cha mvuke Olkaria miaka ya 2000 mwanzoni, likawa linapasha waridi joto usiku bila kuchoma mafuta. Hizi si porojo za matangazo, ni vyuma na mabomba.

Kwa hiyo kipande kilichobaki ni kipi? Turudi kaskazini kidogo kwenye Bonde hilohilo la Ufa, kwa Wamarakwet. Kwa mamia ya miaka wamekuwa wakichepua mito kutoka milima ya Cherangani na kuyashusha maji kwa mifereji, mingine ikining'inia kwenye majabali, hadi mashamba ya bonde la Kerio. Mifereji ni ya koo. Maji yanagawanywa kwa zamu, na wanaume wa koo wanaitengeneza pamoja ikibomoka. Hakuna mita. Hakuna hata karatasi. Lakini kuna kitu ambacho Naivasha haina: mfereji uko wazi juu ya ardhi. Zamu ikiwa yangu na maji yakipungua, napanda juu kufuata mfereji, nakuta pale ulipotobolewa, na mwenye shamba lililolowa hana pa kujificha.

Mwanasayansi mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuchunguza watu wa namna hii: wakulima wa umwagiliaji Nepal, wavuvi, wenye malisho ya pamoja milimani. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1990, na mwaka 2009, mwaka uleule ziwa letu lilipokuwa likikauka, akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wengi waliamini mali ya pamoja lazima iharibike mpaka serikali ichukue au mtu mmoja auziwe. Yeye alionyesha kwamba watu wanaweza kuitunza wenyewe, kwa masharti fulani. Mojawapo, ambalo kwangu ndilo linalobeba mengine, ni kwamba matumizi yasimamiwe na watumiaji wenyewe au na mtu anayewajibika kwao. Mtu hukubali kujinyima akijua kwamba na mwenzake amejinyima.

Bomba limeua sharti hilo. Bomba limezikwa, pampu iko ndani ya kibanda, kisima kinachota maji ya chini ambayo hakuna anayeyaona. Mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kuwa yamechota tofauti kabisa jana usiku na hakuna jirani atakayejua. Kwa hiyo hata mwenye nia njema anajiuliza: nikipunguza mimi leo taa ikiwa ya manjano, nitakuwa nimeokoa ziwa, au nitakuwa nimemwachia jirani achote zaidi na kuniuzia ushindani Amsterdam?

Na hapa ndipo ninapokereka. Takwimu zenyewe zipo! Shamba la maua linalouza Ulaya haliwezi kuishi bila kumbukumbu. Kanuni za Baraza la Maua la Kenya, vyeti vya GLOBALG.A.P., mfumo wa Waholanzi wa MPS, vyote vinataka shamba liandike mambo yake: dawa, mbolea, nishati, maji. Wakaguzi wanakuja na kuyapitia madaftari. Mtu aliyekaa ofisini Uholanzi anaweza kupata picha ya maji ya Naivasha ambayo mama anayeuza sukuma wiki Karagita hawezi kuipata. Mita pia husomwa kwa ajili ya ada za serikali. Chini ya kanuni za 2007 ada ya maji ya umwagiliaji ilianza kwa senti 50 kwa kila mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20. Mtungi ukiuzwa hata shilingi tano kwenye kioski cha mtaani, ni shilingi 250 kwa maji ambayo chanzo chake ni kilekile. (Najua, maji ya kioski yamesukumwa, yametibiwa, yamebebwa. Bado tofauti ni ya kutafakari.)

Ninachopendekeza basi hakihitaji shirika jipya. Kila mwenye kibali kikubwa cha maji katika bonde la Naivasha, awe shamba, hoteli, mtambo wa mvuke au kampuni ya maji ya mji, aweke usomaji wa mita yake wa kila siku kwenye faili moja la wazi, ambalo mtu yeyote anaweza kulishusha bila nywila, bila kujaza fomu, bila kulipa.

Kiufundi ni kazi ndogo mpaka unaona haya kuilipisha. Mita nyingi za kisasa hutoa mdundo wa umeme kila zinapopitisha kiasi fulani cha maji, tuseme lita 100. Unaunganisha kifaa kidogo chenye laini ya simu, kinahesabu midundo, usiku wa manane kinatuma jumla kwa arafa. Seva inapokea, inaandika mstari mmoja. Hata hilo likishindikana, msimamizi wa pampu mwenye simu ya mulika mwizi anaweza kusoma namba saa kumi na mbili asubuhi na kuituma. Hakuna haja ya minyororo ya sarafu za mtandaoni wala akili bandia. Nikiona zabuni ya mradi huu yenye maneno hayo nitajua kuna mtu anataka gari jipya.

Mtasema mita hudanganywa. Kweli. Mita ya gurudumu hukwama kwa tope, na pengine hukwama kwa makusudi. Lakini namba ikiwa wazi, inaweza kubishana na namba nyingine. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita kumi kunahitaji kilowati-saa 0.027 kwa hesabu ya fizikia tupu, na kwa pampu ya kawaida yenye upotevu wake, tuseme 0.045. Shamba likisema limechota maji kidogo na bili ya umeme wa pampu ikasema mengi, hapo pana swali. Picha za satelaiti za Sentinel-2 ni za bure na hurudi kila baada ya siku chache, zikionyesha vitu vya ukubwa wa mita kumi; ukubwa wa vivungulio vya shamba si siri tena. Satelaiti haioni kilicho chini ya plastiki, lakini inaona hekta, na hekta za waridi haziwezi kuishi kwa maji ya kuoshea mikono. Uwazi hauhitaji kila namba iwe kweli tangu siku ya kwanza, unachohitaji ni kwamba uongo uwe na gharama.

Sisi wa programu huria tunalijua hili kwa vitendo. Linux ilianza 1991, na leo makampuni yanayochukiana sokoni, IBM, Intel, Google, Huawei, yanaandika msimbo mmoja. Hayakufundishwa upendo. Kila badiliko lina jina la aliyelileta na tarehe, na mtu yeyote duniani anaweza kulisoma, kulipinga, kulirudisha nyuma. Mshindani wako akijaribu kukuwekea kitu kibaya utakiona. Huo ni mfereji wa Wamarakwet uliowekwa kwenye diski.

Pingamizi kubwa nililolitarajia kwa wenye mashamba ni siri ya biashara: mshindani akijua maji yangu atajua uzalishaji wangu. Naliheshimu, na lina dawa. Takwimu zicheleweshwe wiki mbili. Bei ya waridi inabadilika kila siku mnadani, na maji ya wiki mbili zilizopita hayamsaidii mshindani kuitabiri, lakini yanalisaidia ziwa. Wengine watasema wanaharakati watazipotosha namba. Watafanya hivyo, hasa mwanzoni. Mwaka 2010 walifanya hivyo bila namba, na shamba lililokuwa limewekeza kwenye matone na mvua ya paa lilitukanwa sawasawa na lile lililokuwa halijafanya lolote. Kama ningekuwa nimetumia mamilioni kupunguza maji yangu, ningekuwa wa kwanza kudai mita ya jirani ifunguliwe.

Wakulima wadogo wa juu wasiguswe na hili kwa majina. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtu binafsi, na ni haki. Chama chao cha watumiaji maji kitoe jumla ya mto wao, basi. Kampuni si mtu wa kuonewa haya.

Na kama hiari itashindwa? Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika kulinda haki fulani. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Ukiviweka viwili hivyo kando kando, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inayompa mwenye ofisi siku 21 kujibu, mkaazi yeyote anaweza kuiandikia Mamlaka ya Rasilimali za Maji barua ya ukurasa mmoja kuomba usomaji wa mita za vibali vikubwa. Ila ningependa tusifike huko. Kinachotolewa kwa barua huja mara moja, kwenye karatasi iliyopigwa picha ikiwa imepinda. Tuliona pia yaliyoupata mtandao wa takwimu huria wa serikali uliozinduliwa kwa shangwe Julai 2011: shauku ikapoa, majedwali mengi yakabaki na tarehe za zamani. Faili lililo hai ni lile ambalo anayelijaza ana faida nalo.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko yote hayo. Ziwa sasa si kavu. Tangu miaka ya 2010 lilianza kupanda, na mwaka 2020 lilifurika pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, likaingia mtaa wa Kihoto na kufukuza watu majumbani, likameza ufuko na baadhi ya ardhi ya mashamba. Ukimwambia mtu ambaye maji yamemfikia dirishani kwamba tuhesabu lita, atakucheka. Lakini ziwa hili limekuwa likipanda na kushuka kwa zaidi ya karne ambayo vipimo vyake vimeandikwa. Wakati wa kukubaliana namna ya kupimana ni huu, taa ikiwa ya kijani na hakuna anayeogopa kuonekana. Mwaka 2010 watu walikaa mezani wakiwa na kiu, kila sentensi ikawa na wakili nyuma yake.

Umbo la faili nimeliandika, maana nisingeweza kulala. Lina safu sita: tarehe, namba ya kibali, chanzo (ziwa, mto au kisima), kiasi kilichoruhusiwa kwa siku, kiasi kilichosomwa, na jinsi kilivyosomwa, kwa kifaa au kwa macho. Linafunguka kwenye lahajedwali lolote, hata la tarakilishi kuukuu ya shule. Shamba au hoteli ya kwanza itakayokubali kuliweka hadharani nitaiandikia programu ya kupokea arafa na kulijaza, bila malipo, kwa leseni huria, na ya pili itaikuta tayari.